Kiti cha Tatu cha Pijo Letu

Hotuba niliyoitoa Korogwe siku ya maonyesho ya kazi za mikono, mbele ya vijana wa ufundi, wazazi wao na wazee wa mji. Nimeiandika kutoka kwenye karatasi zangu na kwa msaada wa waliokuwapo.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za tangu asubuhi? Vijana wa karakana, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, naomba kijana mmoja mwenye mkono mtulivu aje anifungulie sanduku hili. Taratibu. Usilishike kwa juu, keria itang'oka. Pitisha kiganja chini, kwenye chasisi, ulinyanyue kama unavyonyanyua kifaranga. Ahsante, mwanangu. Liweke hapo, uso uwaelekee watu.

Hilo ni Pijo 404, lile la safu tatu za viti, lililokuwa la nyumbani kwetu hapa hapa Korogwe. Urefu wake ni shubiri moja tu ya mtu mzima. Waliokaa mbele wataona kwamba bampa limepinda upande wa kushoto, mlango mmoja una rangi tofauti na bodi, na mlango wa nyuma kabisa umefungwa kwa kamba. Pale nje kijana mmoja aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, limeumia njiani?" Nikamwambia hapana. Nilimaliza kulinyoosha na kulipaka rangi likang'aa, kisha nikakaa siku kumi na moja nalikunja na kulichubua mpaka likafanana na letu.

Wengi mnanijua kama mwalimu wa uchoraji wa kiufundi. Tangu nistaafu nimekuwa nikiunda, kwa kipimo kidogo, magari yaliyopita nyumbani kwetu. Yako matatu. Landrova ya kazini kwa Baba, Pijo hili, na lori la mjomba ambalo halijakwisha. Nalo nimekuja nalo kwa sababu nina shida nalo, na dawa ya shida hiyo huenda imekaa ndani ya ukumbi huu. Nitafika huko.

Kazi hii si ngeni kwetu. Wazee wangu hapa, nani hakuunda gari la waya? Tulikata waya wa uzio, tukaukunja kwa meno na mawe kwa kuwa koleo lilikuwa la baba na halikuguswa. Matairi tulikata kwenye malapa yaliyochakaa. Usukani ulikuwa waya mrefu uliofika kifuani, unakimbia huku unakata kona, mdomo unapiga honi. Sasa nikumbusheni: tuliunda gari gani? Hatukuunda gari lolote tu. Mtoto wa dereva wa basi aliunda basi la baba yake, na mtoto wa kambi ya mkonge aliunda trekta la kambi. Mimi niliunda Landrova ya Bwana Shamba, kwa sababu Bwana Shamba alikuwa baba yangu, na nilihakikisha tairi la akiba liko juu ya boneti, kwani lake lilikuwa juu ya boneti. Nilikuwa na miaka saba. Ninachokifanya leo ni kile kile, ila sasa nina kisu kikali na miwani.

Nianze na hiyo Landrova, maana ndiyo iliyonifundisha kupima.

Kuna watu huniambia, "Lakini ile ilikuwa ya serikali, si yenu." Kweli, kadi yake haikuwa na jina la Baba. Lakini Mama alipelekwa kujifungua ndani yake, kutoka Bumbuli, usiku wa mvua, na mdogo wangu anayenifuata alikaribia kuzaliwa juu ya magunia ya mbegu. Gari la familia mimi nalipima hivyo. Kama mtu wenu alizaliwa, aliolewa au alizikwa kwa gari lile, ni lenu, hata kama lilikuwa la bwana mwingine.

Landrova ina wema mmoja kwa muundaji: jina lake ni kipimo. Ile ndefu huitwa 109, na 109 ni inchi kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Fupi ni 88. Vijana, chukueni kalamu. Inchi 109 ni sentimita 277 kasoro kidogo. Mimi naunda kwa skeli ya 1:24, maana yake kila kitu kinagawanywa kwa 24. Kwa hiyo kati ya matairi yangu mawili panapaswa kuwa milimita 115 na punje. Ukishapata urefu huo mmoja wa kweli, picha yoyote iliyopigwa kwa ubavu inaanza kusema. Unapima kwa rula kwenye picha kati ya matairi, unapata uwiano, kisha unapima kimo cha mlango, kina cha boneti, upana wa dirisha. Ni hesabu za darasa la saba, nazo zinakurudishia gari ambalo lilishayeyushwa.

Nina picha moja tu ya Landrova ile. Baba amesimama na kaptula yake, mimi niko peku mbele ya tairi, nimefumba jicho moja kwa jua. Nyuma ya picha hapana tarehe. Lakini tazameni taa. Kwenye picha taa za mbele ziko katikati, zimebanana na wavu ule wa mbele ya injini. Landrova za matoleo ya Series II na IIA zilikuwa hivyo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, ndipo taa zikahamishiwa huku nje kwenye madigadi. Baba alisema siku zote kwamba alikabidhiwa gari lile mwaka wa Azimio la Arusha, yaani 1967. Taa zinamuunga mkono, na kimo changu peku pale mbele ya tairi kinamuunga mkono pia.

Kampuni ya Revell ya Ujerumani huuza vipande vya plastiki vya kuunda Landrova ndefu ya Series III kwa skeli hii ya 1:24, na mwanangu aliniletea boksi lake. Lakini Series III ilianza 1971. Taa ziko nje, wavu ni wa plastiki, dashibodi ni nyingine. Nikaziba matundu ya taa, nikatoboa mengine katikati, nikakata paa lote la bati nikaweka turubai. Kitambaa cha kweli hakifai kwa turubai. Hata leso nyembamba kabisa ukiipima kwa skeli inakuwa nene kama godoro. Nilitumia karatasi laini ya tishu, nikailowesha kwa gundi ya mbao iliyotiwa maji, nikailaza juu ya mbavu za waya. Ilipokauka ikajikunja yenyewe mahali panapostahili kukunjika.

Hapo niwaonye jambo moja, kwa sababu liliniuma. Landrova ya kwanza niliipuliza rangi ya magari, ile ya gereji, nikaichanganya na thina ya gereji. Plastiki hizi na thina ile ni maadui. Boneti ililegea mbele ya macho yangu kama samli juani. Kazi ya miezi miwili ilikwisha kwa muda wa kupika chai. Basi rangi yoyote mpya ijaribuni kwanza kwenye kipande cha kutupa, mwiache ilale usiku mzima, ndipo mguse gari.

Sasa Pijo.

Baba alipoacha kazi ya serikali alinunua Pijo 404 lililokwisha kutumika, akalitia njiani kubeba abiria Korogwe na Tanga, na siku za mapumziko likawa letu. Kwa nini Pijo? Muulize mzee yeyote wa rika lake. Wakati ule mbio za magari za Safari zilipita nchi zote tatu, Kenya, Uganda na kwetu, na watoto tulijipanga kandokando ya barabara tangu alfajiri kusubiri vumbi. Pijo 404 lilishinda mwaka 1963, likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na kila mara la kwanza katika hayo saba lilikuwa Pijo. Na ule ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa na utamu wa pekee, kwa sababu dereva, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Baba hakuhitaji tangazo jingine la biashara.

Mwanangu, yule yule wa boksi la Landrova, aliwahi kuniletea 404 dogo la chuma, limekamilika, la kuweka kabatini. Zuri mno. Nilimshukuru kwa moyo wote na bado ninalo. Lakini ni lile fupi la milango minne, halina safu ya tatu, na usukani wake uko kushoto kama magari ya Ufaransa. Baba yangu angepanda gari lile angekaa upande wa abiria na kushika hewa. Nilipolitazama nikajua kwamba letu halitanunuliwa popote. Nikaagiza shiti za plastiki nyeupe, unene wa milimita moja na nusu milimita, nikaanza kukata.

Nilikuwa na picha tisa. Nikazipanga kitandani, nikagundua jambo ambalo nawaomba mkalithibitishe kwenye albamu zenu leo jioni. Hakuna aliyepiga picha ya gari. Watu wamepiga picha za watu, gari likiwa limesimama nyuma yao. Shangazi ameegemea boneti. Bwana harusi ameweka mguu kwenye bampa. Kwenye picha nane kati ya tisa gari limepigwa kutoka mbele kushoto, mahali pazuri pa kuegemea. Ubavu wa kulia, upande wa dereva, haupo. Nyuma haipo. Ndani hamna kabisa. Nusu ya gari tulilokaa nalo miaka kumi na tatu haikuwa imeonwa na kamera hata mara moja.

Ndipo nikaanza kuuliza watu. Na kuuliza nako ni ufundi. Nilianza vibaya, nikawa nauliza, "Pijo lilikuwaje?" Watu wanakujibu, "Lilikuwa zuri," basi, kimya. Siku moja nikamuuliza Mama, "Wewe ulikuwa ukikaa wapi?" Mama ana miaka themanini na sita. Akafumba macho, akanyoosha mkono wa kushoto pembeni yake kama anashika kitu, akasema, "Hapa palikuwa na kishikio cha kioo kimevunjika, kimebaki chuma tu, kinachoma jua likiwaka. Nilikuwa nakifunga kitambaa." Hicho chuma kimo humo ndani. Ni kipande cha sindano ya cherehani. Kitambaa chake kimo pia.

Tangu siku ile swali langu ni moja: ulikaa wapi? Nimekuja kuelewa kwamba kila mtu wa nyumba analijua gari kutoka pale alipokaa. Baba angekuelezea mlio wa injini, ile injini ya Pijo iliyolazwa kiubavu kwa nyuzi 45, na gia yake iliyokuwa kwenye usukani. Mama analijua kwa joto la ule mlango. Jirani yetu, fundi bodi, ndiye aliyenipa ubavu wa kulia uliokosekana: "Mlango wa nyuma kulia haukuwa wa gari lile. Niliutoa kwenye Pijo lingine lililopinduka Segera, na rangi yake hatukuipata sawasawa." Hakuna mmoja wao aliyekuwa na gari zima. Ukimkosa mmoja, sehemu yake ya gari imekwenda naye.

Na mimi nilikaribia kumkosa mmoja kwa kiburi changu cha ualimu. Hili lazima niliseme wazi, naye yupo hapa leo, amekaa safu ya tatu kama kawaida yake.

Mdogo wangu wa kike aliniambia tangu mwanzo kwamba Pijo lilikuwa na safu tatu za viti. Mimi miaka ile nilikuwa shule ya bweni. Nikija likizo nilikaa mbele na Baba au juu ya mizigo. Nikachukua michoro ya 404, nikakata chasisi, nikapanga viti. Cha mbele kikakaa. Cha kati kikakaa. Cha tatu kikakataa. Nilikisukuma mbele, magoti ya abiria wa kati yakapotea. Nilikisukuma nyuma, mlango haufungi. Nikampigia simu mdogo wangu nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu, kwamba hesabu haidanganyi, kwamba alikuwa mdogo, kwamba huenda anachanganya na gari la watu wengine.

Akanijibu, "Kaka, mimi nililala pale. Wewe ulikuwa bweni." Akakata simu.

Alichokuwa akikisema ni hiki. Wazee wanakumbuka ile miaka ya shida, mafuta hayapatikani, na magari binafsi yamekatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Jumapili moja walikwenda harusini Muheza. Chakula kikachelewa, bibi harusi akachelewa, na saa nane ikawakuta bado wanakula pilau. Baba hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Akalisogeza Pijo chini ya mwembe, akazima, akasema tutaondoka kesho alfajiri. Nyumba ya harusi imejaa, watu wamelala mpaka barazani. Mama akawalaza watoto garini. Wakubwa wawili kiti cha kati, na yeye, mdogo wa miaka minane, kiti cha tatu peke yake. Alikesha anatazama nyota kupitia kioo cha nyuma, anasikiliza ngoma. Ni usiku ambao amekuwa akiusimulia maisha yake yote, nami kwa sentensi moja ya simu nilikuwa nimemwondolea mahali alipolala.

Hatukuzungumza wiki tatu. Kisha, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikasoma vipimo upya. Pijo 404 fupi lina mita 2.65 kati ya tairi la mbele na la nyuma. Lile refu, la familia, lina mita 2.84. Waliliongeza sentimita 19 ili kiti cha tatu kiingie! Gawanyeni kwa 24: ni milimita nane kasoro kidogo. Mimi nilikuwa nimechukua mchoro wa gari fupi nikaunda juu yake gari refu. Karatasi yangu ndiyo iliyokuwa ya gari la watu wengine, na kumbukumbu ya mtoto wa miaka minane ilikuwa sahihi kwa milimita.

Nilipanda basi nikaenda kwake Tanga. Jambo lile halikuwa la simu. Nilichukua ile chasisi niliyokosea, nikaiweka mezani kwake, nikamwonyesha pa kukata. Tukaikata pamoja. Kipande cha milimita nane tulichokiongeza ni kile cheupe mtakachokiona mkiligeuza gari chini juu. Nimekiacha bila rangi kwa makusudi.

Rangi nayo ilikuwa na kesi yake, nitaipitia haraka. Mimi niliamini lilikuwa jeupe. Mama alisema rangi ya maziwa ya mgando. Mdogo wangu akasema njano. Sasa, kiti cha kati cha Pijo bado tunacho. Kipo barazani kwa Mama, watu wanakikalia wakinywa kahawa. Tulikipindua, na kwenye chuma cha chini tukakuta michirizi ya rangi iliyodondoka siku gari lilipopulizwa. Ni rangi ya maziwa yenye umanjano. Mama alikuwa sahihi, mdogo wangu alikuwa jirani yake, mimi nilikuwa mbali. Ila nimeipausha kidogo kuliko ile ya kwenye chuma, kwa sababu rangi ile ile ukiipaka kwenye kitu kidogo huonekana nzito zaidi. Wachoraji wa mabango hapa wananielewa.

Na kiti kile kile tulikipima upana, urefu na unene wa sponji, ndipo vipimo vya ndani vikapatikana bila kubahatisha.

Vumbi je? Kijana mmoja aliwahi kuniambia nichote udongo mwekundu wa Usambara niupakaze, ili liwe vumbi halisi. Nilijaribu. Chembe ya mchanga yenye robo milimita, ukiizidisha kwa 24, ni kokoto ya milimita sita. Gari lilionekana limemwagiwa kifusi. Kwa hiyo nilisaga chaki za rangi, nyekundu na kahawia, mpaka zikawa kama poda, nikazipaka kwa brashi laini chini ya milango na nyuma ya matairi, mahali ambapo vumbi la barabara ya Lushoto lilikuwa likikaa. Udongo wenyewe wa kweli ulinishinda.

Lakini kamba ilikubali. Njooni karibu mtazame hii kamba ya mlango wa nyuma. Kitasa kilivunjika, na Baba akaufunga mlango kwa kamba ya katani, kama ambavyo mtu yeyote wa Korogwe angefanya, tukiwa tumezungukwa na mashamba ya mkonge. Kamba ile ilikuwa nene kama kidole cha mtoto. Nilipotafuta uzi wa kuifananisha, kila uzi wa dukani ulikuwa na manyoya ya pamba. Nikaenda nje, nikachukua singa za katani zenyewe, nikapitia kwa kucha mpaka nikapata mbili nyembamba, nikazisokota pamoja. Zikatoka unene ule ule kwa skeli, na rangi ile ile, na zinachomoza vinyweleo vile vile. Ni kitu pekee kwenye gari lote ambacho kimeundwa kwa kitu chenyewe.

Cha mwisho ndani ya Pijo ni vitambaa. Mama alikuwa amefuma vitambaa vya kuweka mgongoni mwa viti, vyeupe, vya mshono wa nanasi, kama vile vya makochi. Abiria walikuwa wakivisifia. Mama sasa haoni tundu la sindano, basi akamwita mjukuu wake, akamweka miguuni, akawa anahesabu kwa mdomo: tatu, ruka, mbili, rudi. Binti anafuma. Kitambaa chenye sentimita 60 kinatakiwa kiwe sentimita mbili na nusu. Uzi wa kawaida wa kushonea ulitoka kama kamba ya meli. Wakauchambua, wakatoa unywele mmoja ndani yake. Cha kwanza kilikatika, cha pili kikatoka pembe tatu. Cha tatu ndicho hicho kilichoko kiti cha kati. Mama alikipitishia kidole, hakukiona, akakihesabu kwa ncha ya kidole, akasema, "Nanasi lina majani."

Sasa shida yangu. Kijana, nitolee lile la pili, kubwa.

Hili ni lori la mjomba wangu, Bedford TJ, lile lenye pua, ambalo Waingereza walianza kulitoa mwaka 1958. Bodi ya mbao ilijengwa na maseremala wa hapa, na mimi nimeijenga kwa vijiti vya mbao halisi, kipande kwa kipande. Lilibeba machungwa ya Muheza. Ninajua rangi yake, ya samawati. Ninajua turubai lilikunjwa upande gani, kwa sababu binamu zangu walilala juu yake. Lakini juu ya kichwa, pale kwenye ubao wa mbele, mjomba aliandikisha maneno. Kila lori lilikuwa na maneno yake. Kwenye picha pekee niliyonayo, mtu amekaa juu ya paa ameninginiza miguu, na miguu yake imeyafunika. Zinaonekana herufi mbili za mwanzo, M na A, na mwishoni kabisa kama I. Binamu zangu wanabishana. Mmoja anasema "Maisha Safari", mwingine anasema silo kabisa. Mjomba amekwishatangulia mbele ya haki, na aliyeandika ubao ule pia.

Ubao nimeuacha mtupu, kama mnavyouona. Brashi ninayo mfukoni, na rangi nyeupe nimekuja nayo. Lori lile lilipita sokoni hapa kila Jumatano na Jumamosi mpaka mwaka 1979, dereva wake alikuwa mrefu, ana kofia ya kufuma. Mzee wangu yeyote aliyewahi kulipungia mkono, au kununua chungwa kutoka nyuma yake, au aliyekaa juu ya paa lile siku ya picha, naomba tukimaliza asiondoke. Nitakuwa hapa mezani.